Likizo ya Skii Bila Wakala: Historia ya Kujipangia Safari katika Milima ya Alps

Likizo ya skii katika milima ya Alps huundwa na vipande vingi ambavyo havina budi kukutana katika wiki moja: usafiri hadi bondeni, malazi, mbao za kutelezea na viatu vyake, namna ya kupanda mlima, mtu wa kufundisha au kuongoza, na theluji yenyewe, ambayo haipokei amri ya mtu. Historia ya likizo hiyo ni historia ya yule anayeviunganisha vipande hivyo, na ya yule anayebeba hasara kipande kimoja kikikosekana. Watelezaji wa kwanza walijipangia kila kitu kwa kuwa hapakuwa na wa kuwapangia. Kisha wakaja mawakala, nao wakaishika biashara hiyo kwa miongo mingi, hasa Uingereza, ambako safari ilivuka bahari na sheria za fedha zilikuwa kali. Msafiri wa siku zile hakumfuata wakala kwa uvivu. Habari, fedha za kigeni na nauli nafuu vilipatikana kwa wakala peke yake, na kila kimoja kati ya hivyo kilipokuwa huru, sehemu ya kazi ya wakala ilirudi mikononi mwa msafiri.

Wageni wa majira ya baridi

Skii ni chombo cha kale cha nchi za kaskazini. Skii iliyofukuliwa Kalvträsk, Sweden, ina umri wa zaidi ya miaka 5,000. Wawindaji, wachungaji wa kulungu na askari wa Skandinavia na Urusi walizitumia kwa kazi, si kwa starehe. Mabadiliko yalianzia Telemark, Norway, katikati ya karne ya 19. Sondre Norheim wa kijiji cha Morgedal alifunga kisigino kwenye skii kwa fito zilizosokotwa, akaweza kuruka na kukata kona bila mbao kumtoka mguuni. Mwaka 1868 alionyesha ufundi wake katika mashindano ya Christiania, mji ambao leo unaitwa Oslo, na kutoka hapo skii ikaanza kuwa mchezo.

Katika Alps, wageni wa majira ya baridi walifika kabla ya skii. Davos, kijiji cha Uswisi kilichoko zaidi ya mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, kilikuwa na daktari Alexander Spengler, aliyeamini kuwa hewa kavu ya mlimani iliwafaa wagonjwa wa kifua kikuu. Wagonjwa wake wa kwanza wa majira ya baridi walifika mwaka 1865. Huko St. Moritz, inasimuliwa kwamba mwaka 1864 mwenye hoteli Johannes Badrutt aliweka dau na Waingereza wachache waliokuwa wageni wake wa kiangazi: warudi wakati wa baridi, na wasipofurahia atawalipia nauli. Hadithi hiyo imepambwa kadiri ilivyorudiwa, lakini jambo lenyewe ni la kweli. Hoteli zilizokuwa zikifungwa mwezi wa Septemba zilianza kubaki wazi, na reli zikafuata. Treni ilifika Davos mwaka 1890, na St. Moritz mwaka 1904.

Msafiri wa wakati huo alikuwa na vyombo vya kujipangia safari ambavyo wakulima wa mabonde hayo hawakuwa wamevisikia. Kitabu cha mwongozo cha Murray kuhusu Uswisi kilitoka mwaka 1838, na cha Baedeker katika muongo uliofuata. Vilitaja hoteli, bei, umbali na saa za usafiri, hata mtu akaweza kuandika barua moja kwa mwenye hoteli na kujibiwa bila kupitia kwa yeyote. Klabu ya Alps ya Uswisi, iliyoanzishwa mwaka 1863, ilijenga vibanda vya kulala wapandaji mlima. Thomas Cook, aliyeanza biashara mwaka 1841 kwa kukodi treni ya kupeleka watu wapatao 500 kutoka Leicester hadi Loughborough, aliongoza kundi lake la kwanza Uswisi mwaka 1863. Kundi hilo lilikwenda kiangazi. Majira ya baridi yalibaki ya wagonjwa, na ya matajiri walioteleza kwa kigari cha barafu na kucheza kwenye barafu iliyosawazishwa.

Skii zafika Alps

Mwaka 1888 Fridtjof Nansen wa Norway alivuka Greenland kwa skii pamoja na wenzake watano. Kitabu chake kuhusu safari hiyo, kilichotafsiriwa kwa Kijerumani mwaka 1891, kiliwasha hamu katika miji ya Ulaya ya kati. Watu waliagiza skii kutoka Norway kwa posta, na maseremala wa vijijini wakaanza kuziiga. Davos, ndugu wawili wa ukoo wa Branger walijifunza wenyewe, inasemekana wakifanya mazoezi gizani ili wasichekwe. Machi 1894 walimwongoza mwandishi Arthur Conan Doyle kuvuka mlima kutoka Davos hadi Arosa. Doyle alikuwa Davos kwa sababu ya ugonjwa wa mkewe. Makala aliyoichapisha London mwezi Desemba wa mwaka huo iliwajulisha wasomaji wengi wa Kiingereza kwamba mchezo huo upo na kwamba utavuta watu wengi.

Huko Austria, Mathias Zdarsky wa Lilienfeld aliona kwamba skii ndefu za Norway zilifaa vilima vya mteremko wa taratibu lakini si majabali ya Alps. Alizifupisha, akatengeneza kifungo cha chuma, na mwaka 1896 akachapisha kitabu cha mafunzo. Kilikuwa kati ya vitabu vya kwanza vilivyomwezesha mtu kujifunza peke yake.

Safari ya mtelezaji wa mwaka 1900 ilikuwa ya kujitegemea kabisa. Mtu alisoma ratiba ya treni, akaandika barua ya malazi, akabeba skii zake mwenyewe na kuzipaka nta, kisha akapanda mlima kwa miguu. Ngozi za sili zilifungwa chini ya skii, manyoya yakielekea nyuma ili zisirudi mteremkoni. Kazi ya saa nne za kupanda ililipwa kwa mteremko mmoja wa nusu saa. Habari zilipatikana kwa wenzake. Ndiyo maana vilabu vilikuwa na uzito mkubwa: Ski Club of Great Britain, iliyoanzishwa London mwaka 1903, na vyama vya Wajerumani, Waaustria na Waswisi vilichapisha vitabu vya mwaka vyenye maelezo ya njia, hali ya theluji na nyumba za kulala. Mwaka 1911, Januari, kundi dogo lililokuwa na Marcel Kurz lilipita kwa skii katika barafu za juu za Valais, kwenye njia ambayo hata leo ni kipimo cha watelezaji wa safari ndefu.

Moyo huo wa kujitegemea uliwafikisha baadhi yao mbali sana na Ulaya. Mwaka 1912, wakati Tanganyika ilipokuwa chini ya Wajerumani, Walter Furtwängler na Siegfried König walipanda Kibo wakiwa na skii na kuzitumia kushukia kwenye barafu ya Kilimanjaro. Kipande cha barafu kilichobaki karibu na kilele kinaitwa kwa jina la Furtwängler.

Lunn na mwanzo wa wakala wa theluji

Wakala wa kwanza mkubwa wa likizo za theluji alitoka kanisani. Henry Lunn, daktari na mhubiri wa Kimethodisti aliyewahi kuwa mmisionari India, aliitisha mwaka 1892 mkutano wa viongozi wa makanisa huko Grindelwald, Uswisi, kuzungumzia umoja wao. Umoja haukupatikana, lakini Lunn aligundua kwamba anajua kupeleka watu Uswisi na kuwarudisha. Mwanzoni mwa karne ya 20 aliunda klabu ya michezo ya baridi iliyowakusudia watu waliosoma katika shule za kifahari na vyuo vikuu vya Uingereza. Kupitia klabu hiyo alichukua hoteli nzima kwa msimu, akazijaza wanachama.

Mbinu hiyo ilikuwa na mantiki ya pande mbili. Mwenye hoteli ya mlimani hakuwa tayari kuwasha majiko, kuajiri wapishi na kuagiza makaa kwa kutumaini barua za mgeni mmoja mmoja. Alitaka ahadi ya vyumba vyote. Msafiri naye alitaka hakika ya kukutana na watu wa lugha na tabaka lake. Lunn aliwauzia wote wawili hakika hiyo. Aliweza hata kuigeuza ratiba ya reli. Mürren, kijiji kilichoko juu ya ukingo wa jabali, kilifikiwa kwa reli ya mlimani iliyokuwa ikisimama majira ya baridi, na katika msimu wa 1910–11 Lunn aliwashawishi wenye reli kuiendesha. Mtu mmoja aliyejipangia safari asingeweza kuanzisha treni. Hapo ndipo nguvu ya wakala ilipoonekana waziwazi.

Mwanawe, Arnold Lunn, aliubadili mchezo wenyewe. Januari 1922 huko Mürren aliandaa mbio za slalom za kupita katikati ya vijiti viwili viwili, ambapo saa ndiyo iliyoamua mshindi, si uzuri wa mtindo. Mwaka 1928, pamoja na Hannes Schneider wa St. Anton, Austria, alianzisha mashindano ya Arlberg-Kandahar. Mchezo wa kushuka mlima kwa kasi ukapata kanuni, na vijiji vilivyokuwa na miteremko mirefu vikapata jina.

Kati ya vita viwili: shule, lifti na siasa

Schneider alifungua shule yake ya skii St. Anton mapema katika miaka ya 1920. Wanafunzi waligawanywa kwa madaraja, kila kundi na mwalimu wake, na mtu alipanda daraja kwa kuonyesha kwamba amemudu somo. Mpangilio huo ndio unaofuatwa na shule nyingi za skii hadi leo, na ulifanya wiki moja iwe kipimo cha maana cha likizo: mgeni alifika hajui kusimama, akaondoka anajua kukata kona. St. Anton ilikuwa kituo cha reli tangu handaki la Arlberg lilipofunguliwa mwaka 1884, kwa hiyo ilifikika bila taabu.

Badiliko kubwa zaidi lilikuwa la mitambo. Reli ya Parsenn ilianza kupandisha watu juu ya Davos mwanzoni mwa miaka ya 1930. Desemba 1934, katika mteremko wa Bolgen huko huko Davos, mhandisi Ernst Constam alifungua lifti ya kukokota: waya uliozunguka bila kukoma, ukining'iniza vishikio vilivyomvuta mtelezaji akiwa amesimama juu ya skii zake. Miaka miwili baadaye, Sun Valley huko Idaho, Marekani, ilifungua lifti ya kwanza ya viti. Mhandisi wake, James Curran wa kampuni ya reli ya Union Pacific, aliwahi kubuni mitambo ya kupakia mikungu ya ndizi melini, na viti hivyo vilitokana na ndoano za ndizi. Mtu sasa angeweza kuteremka mara nyingi kwa siku moja. Kwa upande wa upangaji, kiliongezeka kipande kipya katika gharama, yaani tiketi ya lifti, na mlima ukawa na mwenyewe wa kuulipisha.

Siasa nazo ziliingia mlimani. Mei 1933 serikali ya Hitler iliamuru kila Mjerumani anayekwenda Austria alipe marki 1,000 kabla ya kuvuka mpaka, ili kuukaba uchumi wa Austria. Amri hiyo ilidumu hadi Julai 1936. Vijiji vya Tirol vilivyotegemea wageni wa Kijerumani vilibaki na vitanda vitupu na bei ikashuka, jambo lililowafaa wateja wa nchi nyingine, Waingereza wakiwemo.

Biashara hiyo ya Austria ilipata watumishi wake London. Erna Low, mwanafunzi kutoka Vienna aliyekuwa akitafuta njia ya kugharimia safari ya kurudi nyumbani, alitoa tangazo gazetini mwaka 1932 akikaribisha watu wafuatane naye Austria kwa wiki mbili kwa pauni 15. Wakapatikana. Mwaka 1934 Walter Ingham naye alianzisha kampuni ya kupeleka Waingereza kwenye milima hiyo hiyo. Mawakala wa namna hii hawakuwa na hoteli wala treni. Mtaji wao ulikuwa lugha ya Kijerumani, kufahamiana na wenye nyumba, na ujuzi wa treni ipi inaungana na ipi. Vita vilipokaribia, njia hizo zilikatika. Schneider mwenyewe alikamatwa mwaka 1938, baada ya Ujerumani kuimeza Austria, na mwaka uliofuata akahamia New Hampshire, Marekani.

Fedha, ndege na kifurushi

Baada ya Vita Kuu ya Pili, kikwazo kikubwa cha Mwingereza aliyetaka kujipangia safari kilikuwa benki. Serikali iliweka kikomo cha fedha ambazo raia angeweza kutoka nazo nchini. Mwaka 1947 ruhusa ya fedha za utalii ilisimamishwa kabisa kwa miezi kadhaa. Kati ya 1966 na mwanzo wa 1970 kikomo kilikuwa pauni 50 kwa mtu. Kwa kiasi hicho kulipia hoteli, tiketi ya lifti, mwalimu na chakula kwa wiki mbili kulihitaji hesabu ya kubana. Wakala alikuwa na nafuu, kwa kuwa usafiri aliokata kwa pauni nyumbani haukula akiba ndogo ya mteja.

Nauli za ndege zilikuwa kikwazo cha pili. Mashirika yenye ratiba ya kudumu yalikuwa na bei zilizokubaliwa baina yao na kulindwa na serikali. Ndege ya kukodi ilikuwa nafuu zaidi, lakini kwa sheria kiti chake kiliuzwa tu pamoja na malazi. Vladimir Raitz alionyesha njia mwaka 1950 alipopeleka watalii Calvi, kisiwani Corsica, kwa pauni 32 na shilingi 10, nauli, chakula na malazi ya hema vikiwa ndani ya kifurushi kimoja. Mfumo huo ulihamia theluji. Kampuni ilikodi ndege kwa msimu mzima. Kila Jumamosi ndege ilitua Munich au Geneva ikiwa imejaa, ikashusha wageni wapya na kuwarudisha wa wiki iliyopita. Hoteli zikalazimika kuhesabu usiku saba kuanzia Jumamosi. Mgeni aliyetaka kukaa kuanzia Jumanne hadi Jumapili aliharibu hesabu ya watu wote, akanyimwa chumba.

Ufaransa ilijenga vituo vilivyoundwa kwa ajili ya mfumo huo wa watu wengi. Courchevel ilianza mwaka 1946 kwa mpango wa umma, juu ya malisho ya ng'ombe, ikichorwa na wasanifu Laurent Chappis na Denys Pradelle. La Plagne ilifunguliwa mwaka 1961, Avoriaz mwaka 1966 bila magari barabarani, na Les Arcs mwaka 1968, ambako Charlotte Perriand alisanifu majengo yaliyolala na mteremko. Tangu 1964 serikali ilisimamia ujenzi huo kwa Mpango wa Theluji, ikitaka kuvuta fedha za kigeni na kuzuia mabonde yasihamwe. Vituo hivyo viliwekwa juu, kuanzia mita 1,800 hivi, ili mgeni atoke mlangoni akiwa tayari juu ya skii. Club Méditerranée ilikuwa imefungua kijiji chake cha kwanza cha theluji Leysin, Uswisi, mwaka 1956, kwa bei moja iliyojumuisha chakula, lifti na mwalimu.

Kifurushi kilishusha bei kiasi kwamba makarani na walimu waliweza kwenda walikokwenda mabwana wa Lunn. Lakini ushindani wa bei ulikuwa hatari. Agosti 1974 kundi la Court Line, lililomiliki Clarksons, moja ya kampuni kubwa za vifurushi Uingereza, lilifilisika katikati ya msimu wa kiangazi na kuwaacha makumi ya maelfu ya watalii nje ya nchi. Tukio hilo liliharakisha mfuko wa kuwalinda wateja, na baadaye sheria ya Jumuiya ya Ulaya ya mwaka 1990 ikaagiza kila muuza kifurushi awe na dhamana ya kurudisha fedha za mteja na kumrudisha mwenyewe nyumbani. Kwa hiyo wakala akawa na bidhaa mpya ya kuuza: bima dhidi ya anguko lake mwenyewe.

Walioendelea kujipangia

Hadithi ya kifurushi ni ya Uingereza zaidi kuliko ya Ulaya yote. Familia za Munich, Vienna, Milan na Lyon ziliishi karibu na milima, na gari lilipoenea baada ya vita ziliendelea kujipangia. Barabara zilizidi kufupisha safari: daraja la Europabrücke kwenye njia ya Brenner mwaka 1963, handaki la Mont Blanc mwaka 1965, handaki la barabara la Arlberg mwaka 1978 na la Gotthard mwaka 1980. Waholanzi na Wajerumani wa kaskazini walisafiri usiku kucha na skii juu ya paa la gari. Wakulima wa Tirol na Salzburg waligeuza vyumba vya juu vya nyumba zao kuwa vya wageni. Mgeni alipiga simu, au alisimama tu alipoona kibao cha chumba kitupu, na familia iliyopendezwa ilirudi nyumba ileile mwaka baada ya mwaka.

Huko Ufaransa, majengo ya Mpango wa Theluji yaligawanywa katika vyumba vidogo vyenye jiko, vikauzwa kwa watu binafsi waliovikodisha wasipovitumia. Pierre & Vacances, iliyoanza Avoriaz mwaka 1967, ilikua kwa biashara hiyo. Familia ya Kifaransa ilipakia vyakula kwenye gari, ikapika yenyewe, na ikasafiri kwa kufuata kanda yake ya likizo za shule, kwani serikali iliigawa nchi kanda kanda ili Februari isimimine watu wote mlimani kwa mara moja.

Habari za usalama nazo zilitoka mikononi mwa wachache. Watafiti wa theluji wa Uswisi walianza kazi Weissfluhjoch, juu ya Davos, mwaka 1936, na kuanzia 1945 taasisi yao ilitoa taarifa za hatari ya maporomoko kwa wananchi wote. Mwaka 1993 nchi za Alps zilikubaliana juu ya kipimo kimoja cha ngazi tano. Msafiri asiye na kiongozi aliweza kusoma tarakimu moja na kuielewa katika bonde lolote, awe Ufaransa, Italia au Austria. Vyama vya wapandaji mlima viliuza uanachama ulioambatana na bima ya uokoaji. Tawi la Uingereza la Klabu ya Alps ya Austria, lililoanzishwa mwaka 1948, lilikuwa njia mojawapo ya Mwingereza kupata bima hiyo pamoja na punguzo la vibandani.

Vikwazo vyaondoka

Oktoba 1979 serikali ya Uingereza ilifuta udhibiti wa fedha za kigeni, na hoja ya kwanza ya wakala ikafa siku ile. Hoja ya pili, nauli, ilichukua muda zaidi. Jumuiya ya Ulaya ililegeza soko la anga kwa awamu tatu kati ya 1987 na 1997, hadi shirika lolote la nchi mwanachama likaweza kuruka popote ndani ya soko hilo na kupanga nauli yake. Shirika la easyJet lilianza kuruka kutoka Luton mwaka 1995, na kabla ya karne kuisha lilikuwa limejenga kituo Geneva, lango la vituo vingi vya skii vya Ufaransa na Uswisi. Kiti kiliuzwa peke yake, bila kitanda, na kwa siku yoyote. Njia ya chini ya bahari kati ya Uingereza na Ufaransa ilifunguliwa mwaka 1994, na mwaka 1997 treni ya moja kwa moja ilianza kutoka London hadi Bourg-Saint-Maurice, chini ya Les Arcs.

Hoja ya tatu ilikuwa habari. Katika miaka ya 1980 mtu aliyetaka kulinganisha bei za vijiji vitatu aliandikia ofisi tatu za utalii, akangoja vipeperushi kwa posta. Intaneti iliifanya kazi hiyo iwe ya jioni moja. Bei za vyumba, picha za mteremko, ramani za njia, kamera zinazoonyesha theluji ya asubuhi hiyo, vyote viliwekwa wazi. Sarafu ya euro, iliyoingia mifukoni mwaka 2002, iliondoa kubadilisha fedha kati ya Austria, Italia na Ufaransa. Mwenye nyumba wa Tirol aliyejulikana tarafani kwake tu sasa alionekana Copenhagen na Dublin.

Kipande kilichobadilika mwisho ni tiketi ya lifti. Mwaka 1974 mabonde ya Dolomiti nchini Italia yaliungana kuuza tiketi moja ya lifti zote, na leo mtandao huo una kilomita zipatazo 1,200 za njia. Kadi za kielektroniki zilifanya mageti yafunguke bila tiketi kutolewa mfukoni, hivyo tiketi ikanunuliwa nyumbani kabla ya safari. Mwaka 2008 kampuni ya Vail Resorts ya Marekani ilianza kuuza pasi ya msimu mzima kwa dola 579, kwa sharti kwamba mnunuzi alipe mapema. Saas-Fee ya Uswisi iliiga wazo hilo kwa msimu wa 2016–17, ikauza pasi ya msimu kwa faranga 222. Wenye lifti walikuwa wametafuta kinga dhidi ya msimu mbaya: fedha ziko mkononi mwao hata theluji isipoanguka.

Mzigo wa anayejipangia

Mageuzi hayo ya bei yanaeleza mvutano ulioko ndani ya likizo ya kujipangia ya leo. Faida kubwa ya msafiri huru ni kuweza kungoja. Alps zimepashwa joto, na vituo vya chini ya mita 1,500 vimezidi kukosa theluji ya kutegemeka mwanzoni na mwishoni mwa msimu. Asiyefungwa na kifurushi anaweza kutazama utabiri na kuchagua bonde lililopata theluji wiki hiyo. Lakini nauli, pasi na vyumba vya bei nafuu humwendea anayelipa miezi mingi kabla. Anayengoja hununua theluji kwa bei ya juu, na anayewahi huibahatisha kwa bei ya chini. Zamani kamari hiyo ilichezwa na wakala aliyekodi ndege na hoteli kwa msimu mzima. Sasa sehemu yake kubwa imo mikononi mwa msafiri.

Vivyo hivyo kwa ajali za biashara. Kampuni ya Thomas Cook ilipoanguka Septemba 2019, serikali ya Uingereza iliwarudisha nyumbani watu wapatao 150,000, na walionunua vifurushi walirudishiwa fedha kwa mujibu wa sheria. Machi 2020, ugonjwa wa Uviko-19 ulipofunga lifti za Alps ndani ya siku chache tu, mwenye kifurushi alikuwa na mtu mmoja wa kumdai. Aliyejipangia alidai kwa shirika la ndege, kwa mwenye chumba, kwa mwenye lifti na kwa mkodisha gari, kila mmoja kwa masharti yake. Sheria mpya ya Umoja wa Ulaya ya mwaka 2015, iliyoanza kutumika 2018, ilipanua maana ya kifurushi ili iwaguse pia baadhi ya wanaonunua vipande kadhaa kwenye tovuti moja, lakini anayenunua kila kipande mahali pake hubaki nje ya ulinzi huo.

Bima imechukua nafasi iliyoachwa wazi. Uokoaji kwa helikopta mara nyingi hulipiwa na aliyeokolewa, na tangu Januari 2022 Italia imemlazimisha kila mtelezaji katika njia zake awe na bima ya madhara kwa wengine. Mpango wa Jumamosi hadi Jumamosi nao haujafa. Katika wiki za likizo za shule, wenye nyumba wengi wa Ufaransa bado hukodisha kwa siku saba kamili, na foleni za magari katika bonde la Tarentaise hutokana na desturi hiyo. Mawakala nao wamebaki, wakihudumia shule, makundi makubwa, wanaoanza kujifunza na wanaotaka mlango mmoja wa kupeleka madai. Wengi wao sasa huuza kipande kimoja kimoja kwa wateja waliokwisha kupanga vilivyobaki wenyewe.